Kifuniko cha Kabichi

Wasichana wa chumba cha kuoshea vyombo walimtambua kabla hajafika mlangoni, kwa ile sauti. Ting. Ting. Ting. Ulikuwa ukucha wa kidole cha shahada cha mkono wake wa kulia, mrefu kuliko wenzake na mgumu kama pembe, ukigonga sahani moja baada ya nyingine kwenye rafu za ukumbini. Sahani nzima ilijibu. Sahani yenye ufa, hata ufa ambao jicho lilikuwa halijauona, ilinung'unika tu, tup, na hapo hatua zilisimama.

"Nani ameosha rafu ya tatu?"

Mtu alijitokeza, kwa sababu asipojitokeza wote walikosa chakula cha mchana.

"Mikono hii, mwanangu," alisema yule mwenye ukucha, akiigeuzageuza mikono ya msichana huyo kana kwamba nayo ilikuwa vyombo, "ni ya kupondea kokoto. Sijui nani alikudanganya ukaja kugusa kauri."

Hivyo ndivyo alivyopata jina la Bi Ukucha, na kwa miaka ishirini na sita aliyoongoza chumba kile, chini kabisa ya hoteli ya ghorofa tisa, hakuna aliyemwona akicheka isipokuwa siku mpishi mkuu alipoteleza kwenye povu la sabuni akakaa chini na sufuria yake mapajani.

Lakini nyumbani alikuwa na bustani.

Aliishi vyumba viwili juu ya kibanda cha fundi viatu. Chumba cha mbele hakikuwa na kiti cha mgeni, maana mgeni huja na mikono yake. Kuta tatu zilikuwa ni rafu kutoka sakafuni hadi darini, na kwenye rafu hizo kulikuwa na mboga ambazo hakuna mtu angeweza kuzila: sahani za umbo la jani la kabichi zenye mishipa iliyotuna, vikombe vya hindi bichi vyenye punje za manjano zilizopangwa kama meno, birika la nyanya lenye mkia wa kijani badala ya kishikio, chombo cha chumvi kilichofanana na kitunguu kilichoanza kuchipua, jagi la koliflawa, bilinganya mbili nyeusi za mafuta na siki. Vyote vilikuwa vya zamani, vilivyochomwa tanuruni na watu waliokwisha kufa. Vilitoka kwenye nyumba za waliohama na za waliofariki, na vingi alivipata kwenye soko la vitu vikuukuu la kila Jumamosi. Fundi viatu alikuwa akiwaambia wateja wake, "Mama wa juu ana shamba zima la mboga, na jioni anashuka kununua mkate mkavu."

Katikati ya ukuta mkubwa, peke yake kwenye rafu, kulikuwa na bakuli. Lilikuwa bakuli la supu, kubwa kama kabichi yenyewe, majani yakiwa yamekunjana kuanzia kitakoni na kufunguka juu, kijani chake kimepoa, kimekuwa kama kijani cha sare ya shule iliyofuliwa miaka mingi. Bakuli hilo halikuwa na kifuniko. Na habari ya maisha ya Bi Ukucha, ukiondoa hoteli, ni habari ya kifuniko hicho.

Mama yao, yeye na dada yake mkubwa, alikuwa mpishi kwenye nyumba ya watu wenye uwezo. Watu hao walipohama walimwachia vyombo vya kabichi: sahani sita, bakuli la supu na kifuniko chake, ambacho ukingoni kilikuwa na tundu dogo la kupitisha mpini wa upawa na juu kilikuwa na konokono aliyejikunja, ndiye kishikio. Mama alivipenda kuliko nyumba. Alipokufa, wasichana wake wawili walivigombania mbele ya waombolezaji, hadi mjomba wao, aliyekuwa na haraka ya kuondoka, alipokata shauri kama anayekata nyama. Sahani tatu kwa huyu, sahani tatu kwa yule. Bakuli kwa mdogo. Kifuniko kwa mkubwa.

"Mtapatana tu," alisema akivaa viatu. "Mtu hawezi kula kwenye kifuniko."

Hawakupatana. Mkubwa alibaki kwenye nyumba ya mama, akishona nguo. Mdogo alipanga chumba mjini, akaanza kuosha vyombo hotelini, na kwa miaka minne ya mwanzo, kwa kuwa hakuwa na bakuli lingine, alikula chakula chake chote ndani ya lile, akalisugua kila siku, pamoja na sahani zake tatu, kwa majivu na maganda ya ndimu, kama alivyofundishwa kusugua sufuria. Alilisugua kwa mapenzi. Baadaye alijifunza thamani yake, akaliweka juu asiliguse tena.

Kila walipokutana, kwenye misiba na harusi za watu, mazungumzo yalikuwa yale yale.

"Dada, nipe kifuniko."

"Lete bakuli, mdogo wangu. Kifuniko kipo, kinalisubiri."

"Kifuniko bila bakuli ni kitu gani?"

"Na bakuli bila kifuniko? Bakuli la kunyweshea mbwa."

Miaka thelathini na moja.

Katika miaka hiyo Bi Ukucha akawa mjuzi. Hakusoma popote. Alijifunza kwa mikono, kwa kugeuza, kugonga na kunusa, na kwa kukilinganisha kila alichokiona na lile bakuli lake. Jumamosi pale sokoni alikuwa na wafuasi: mwalimu mstaafu aliyekusanya vikombe vya mahindi, mke wa daktari aliyependa majani, na wengine watatu wanne waliomfuata nyuma kama vifaranga. Aliwafundisha kwa sauti ya kufokea.

"Geuza kwanza! Usiangalie uso. Uso wa chombo umetengenezwa ili ukupendeze. Geuza uone kitako. Unaona vidoa vitatu, vimekaa pembe tatu? Hapo ndipo kiliposimama juu ya vigingi ndani ya tanuru. Unaona namba? Imekandamizwa kwa mkono udongo ukiwa mbichi, imelala upande kidogo. Vyombo vilivyotoka pamoja vina namba moja. Bakuli la mama yangu ni namba saba, na sahani zake pia namba saba. Kisha gonga. Kisha ndiyo utazame rangi, na rangi ndiyo hakimu wa mwisho. Kijani cha kweli kimetulia. Kijani cha uongo kinapiga kelele."

Mwalimu mstaafu aliandika maneno hayo kwenye daftari.

Jumamosi moja, mwaka kabla ya yote kuharibika, alikuwa akipita na vifaranga vyake kwenye safu ya wauzaji wa chini, wale wanaotandika bidhaa zao kwenye turubai. Mmoja wao alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo aliyeitwa Mama Vigae. Miaka minane nyuma alikuwa mwosha vyombo hotelini. Siku moja bakuli la mchuzi lilimponyoka, likameguka sikio, na Bi Ukucha akamfukuza saa hiyo hiyo akiwa bado na povu viwikoni. Tangu wakati huo Bi Ukucha alipita mbele ya turubai lake kama anavyopita mbele ya nguzo.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," alisema Mama Vigae siku hiyo. "Nina kitu chako hapa."

Alifungua kitambaa. Ndani kulikuwa na kifuniko cha kabichi. Kilikuwa na tundu la upawa, na juu konokono aliyejikunja. Na kilikuwa kijani, kijani cha jani lililonyeshewa asubuhi hiyo, kikang'aa juani mpaka mke wa daktari akasema, "Jamani!"

Moyo wa Bi Ukucha uliruka. Na kwa kuwa uliruka mbele ya watu, tena mbele ya yule mwanamke, aliuchukia. Vifuniko vya konokono alikwisha kuviona, hata vya kuiga vilikuwa na konokono. Kifuniko cha mama kilikuwa nyumbani kwa dada yake, hilo alilijua kama anavyolijua jina lake. Alikitazama kile kijani. Hakikuwa kimetulia hata kidogo.

Aliunyoosha ukucha akagonga. Ting, ndefu na safi.

"Kinalia," alisema Mama Vigae kwa matumaini.

"Hata chupa ya soda inalia." Watu wakacheka. Bi Ukucha aliwageukia vifaranga vyake. "Mnaona? Hiki kimezaliwa juzi. Hiki kijani kimetoka kwenye kopo la rangi ya mlango."

"Kigeuze basi, Bi Mkubwa. Kigeuze tu uone."

"Mimi sigeuzi takataka." Sasa alikuwa amenogewa, na waliosimama kwenye turubai za jirani walikuwa wamesogea. "Mama, wewe una bahati gani na vyombo? Ulipokuwa kwangu ulivunja vya kweli. Leo uko kwako, unauza vya uongo. Ungeuza nyanya za kuliwa, angalau zikioza watu wanajua."

Walicheka sana. Mwalimu mstaafu alicheka mpaka akafuta miwani. Mama Vigae alikifunika kifuniko taratibu, kona moja, kona ya pili, ya tatu, ya nne, kama mtu anayefunika mtoto.

"Sawa," alisema.

Bi Ukucha alirudi nyumbani akitembea kwa madaha, akanunua mkate mkavu, akalala fofofo.

Kiharusi kilimpata dada mkubwa akiwa kwenye cherehani. Kilichukua mkono na mguu wa kushoto na nusu ya mdomo, lakini ulimi kilimwachia mzima, na majirani walisema baadaye kwamba kingekuwa na huruma kingefanya kinyume. Hakuwa na mtoto. Bi Ukucha aliomba likizo yake yote, akafunga mlango wa bustani yake kwa kufuli mbili, akaenda.

"Umekuja kuniuguza," alisema dada kutoka kitandani, maneno yakimtoka upande mmoja, "au umekuja kurithi?"

"Nimekuja kukuosha. Inua mkono."

"Huu hauinuki. Ungeuinua wewe, ukaugonga, usikie kama una ufa."

Aliuosha mwili ule mzito, akaulisha uji kijiko kwa kijiko, akabadilisha shuka. Kila adhuhuri, dada alipopitiwa na usingizi, alipekua. Alianza na kabati la jikoni. Akaja kwenye mapipa ya unga, vikapu vya vitambaa vya kushonea. Siku ya tatu alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la ukumbini, akachomoa droo taratibu ili isilie.

"Hilo ni la pili," ilisema sauti kutoka chumbani, angavu, isiyo na usingizi wowote. "La kwanza ulimaliza jana. Unakwenda polepole, mdogo wangu. Mimi naweza kufa hujafika la tatu."

Bi Ukucha alirudisha droo bila aibu.

"Kiko wapi?"

"Chini ya godoro hujaangalia. Nigeuze."

Alimgeuza. Ilimchukua nguvu zake zote, na dada aliguna kwa maumivu, akaendelea kugunia ndani ya mto wakati godoro likiinuliwa. Chini ya godoro hakukuwa na kitu. Dada alikuwa akicheka.

Siku ya tano alifungua sanduku la mama. Lilikuwa nyuma ya mlango, limefunikwa blanketi, na hakuwa ameamini kwamba kifuniko kingekuwa mahali rahisi hivyo. Kifuniko hakikuwemo. Kulikuwa na flaneli kuukuu ya mama, na ndani ya flaneli sahani tatu za kabichi, fungu la dada.

Alizitoa. Zilikuwa kijani cha jani lililonyeshewa.

Alikaa pale sakafuni akizitazama. Akageuza ya kwanza. Vidoa vitatu, pembe tatu. Namba saba, imelala upande kidogo. Akageuza ya pili, ikawa saba. Ya tatu hakuigeuza. Alizifunga tena kwenye flaneli, akajiambia kwamba chumba kile kilikuwa na giza na giza hudanganya macho. Akafunga sanduku. Jioni hiyo alimlisha dada yake uji wa moto kuliko ilivyopasa, na dada alipotema hakumfuta.

Baada ya hapo hakupekua tena. Aliuliza tu. Na alipoona kuuliza hakusaidii, aligundua kwamba alikuwa na vitu ambavyo dada yake alivihitaji.

"Maji," alisema dada asubuhi ya siku ya tisa.

"Kifuniko kwanza."

"Shuka limelowa. Nimelala ndani yake tangu alfajiri."

"Najua. Nasikia harufu. Kifuniko kiko wapi?"

Alivuta kiti akakaa karibu na kitanda, glasi ya maji ikiwa gotini. Nje mtu alikuwa akipigilia bati, akipumzika, akipigilia tena. Dada aliitazama glasi. Midomo yake ilikuwa imekauka ikapasuka katikati. Kisha ule upande wa uso uliobaki hai ukaanza kutabasamu, na Bi Ukucha aliona tabasamu lile likija kama mtu anavyoona gari likija.

"Ulikishika," alisema dada.

"Nilishika nini?"

"Ulikigonga. Ukasema hata chupa ya soda inalia."

Yule mtu wa bati alikuwa amenyamaza.

"Mama Vigae anakaa hapo nyuma, nyumba ya tatu," alisema dada. "Hukujua? Utajuaje, hujawahi kumwamkia. Nilikuwa nimeanza kuumwa kichwa wakati ule. Nikasema, ngoja. Nikampa, nikamwambia, mtegee mdogo wangu Jumamosi, mpe, akitaja bei yoyote ipokee, na usimwambie kimetoka kwangu. Akijua ni mimi nimempa hatakichukua. Atakikagua mlangoni akitafuta nimemlogea wapi. Acha ajione amekitafuta mwenyewe, amekipata."

"Unadanganya."

"Akarudi jioni akanieleza. Nilicheka nikapaliwa. Kopo la rangi ya mlango!" Alicheka tena, kikohozi kikamshika, kikamwachia. "Halafu sikucheka, mdogo wangu. Halafu nikamwambia, kaa nacho. Sitaki kukiona."

"Kilikuwa kinang'aa," alisema Bi Ukucha. Sauti ilimtoka nyembamba. "Kilikuwa kipya."

"Kilikaa kwenye flaneli ya mama miaka thelathini. Ulitaka kifanye nini humo, kiote mvi? Hiyo ndiyo rangi yake. Wewe ndiye uliyelichubua bakuli kwa majivu, ukaenda kuwafundisha watu kwamba huo ndio ukweli." Alimeza mate yasiyokuwapo. "Haya. Nimekwambia. Nipe maji."

Bi Ukucha alimpa maji. Mengine yalimwagikia shingoni. Kisha akatoka kama alivyo, kanga begani, bila viatu vya kutokea.

Mama Vigae alikuwa uani, akimwagilia. Ua wake ulijaa vyungu vya maua vilivyopangwa ukutani kwa safu mbili, kumi na viwili. Hakushtuka.

"Bi Mkubwa. Karibu. Kiti sina, lakini simama tu."

"Nimekuja kwa ajili ya kile kifuniko."

"Kipi?"

"Unajua kipi."

"Mimi nilikuwa na kimoja tu, nacho kilikuwa takataka." Alihamia chungu kingine. "Nilikiweka wiki moja juu ya meza. Kila nikikiona nasikia watu wakicheka. Nikachukua nyundo. Mche unataka kigae chini, maji yapate pa kutokea, hilo unalijua? Basi kila chungu kina kipande. Kimenisaidia sana. Ona yanavyochanua."

Bi Ukucha alipitisha macho kwenye safu zote mbili.

"Nitavinunua vyote. Vyungu vyote."

"Siuzi."

"Mama, nakuomba."

"Hapo umeniamkia," alisema Mama Vigae, akaweka chini kopo la maji. Alifikiri kidogo, na uso wake mpole ukawa na kitu ambacho wasichana wa hotelini wangekitambua. "Nitakupa chungu kimoja. Kimoja. Wewe si una ukucha unaosikia? Gonga uchague."

Na Bi Ukucha aligonga. Alipita uani pale ameinama, mwanamke mtu mzima, akigonga vyungu kumi na viwili vilivyoshiba udongo mbichi, na vyote vilimjibu sauti moja, tup, tup, tup, kama rafu nzima ya vyombo vilivyopasuka. Wapangaji wawili walitoka milangoni kutazama. Mama Vigae hakucheka. Alisubiri mikono kiunoni.

"Hiki," alisema Bi Ukucha mwishoni, akionyesha cha tano, kwa sababu alikuwa amechoka.

Mama Vigae aling'oa mche kwa uangalifu, akaukalisha kwenye kopo, akamwaga udongo. Kipande kilikuwa kidogo kuliko kiganja, mkunjo mmoja wa jani, kijani kile kile cha kelele kiking'aa ndani ya matope. Bi Ukucha alikifuta kwa kanga. Kisha, kwa kuwa sasa hapakuwa na sababu ya kutofanya hivyo, akakigeuza.

Saba. Imelala upande kidogo.

Njiani alikikaza ngumini. Kilikuwa na makali, kikamkata, na hakulegeza. Hakuwaza mama, wala hakuwaza kifuniko. Aliwaza tabasamu lile lililokuwa likimsubiri kitandani, na kwamba litaendelea kumsubiri kila asubuhi kwa muda wote ambao dada yake angeishi, na baada ya hapo litahamia kichwani mwake likae.

"Umekiona?" aliuliza dada kabla hajafika kitandani.

"Nimekiona. Amekivunja, lakini nimekiona."

"Eh? Umegeuza safari hii?"

"Nimegeuza." Alikaa kwenye kiti kile kile. Sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya sokoni, kavu, isiyobishika. "Ni bandia."

Tabasamu halikuondoka mara moja.

"Nenda huko."

"Hakina namba. Hakina vidoa vya vigingi. Kimemiminwa kwenye kalibu, kiwandani, maelfu kwa maelfu. Kifuniko cha kweli lazima kilivunjika kwa wale watu zamani, wakatafuta cha kuzibia. Ndiyo maana waliona rahisi kumpa mpishi."

"Mama alikipenda."

"Mama alijua nini? Mama alijua kupika."

Dada alimtazama. Miaka thelathini na moja alikuwa amemcheka mdogo wake, ukucha wake, vifaranga vyake, mboga zake zisizolika. Lakini hakuwahi hata siku moja kutilia shaka kwamba mdogo wake anajua, na sasa Bi Ukucha aliona hilo kwa mara ya kwanza, akaliona wakati huo huo alipokuwa akilitumia.

"Una hakika?" Aliuliza kama mwanafunzi.

"Mimi hunijui?"

"Na sahani? Zangu tatu? Nazo zinang'aa vile vile."

Hapo angeweza kusimama. Alikuwa na pumzi ya kutosha kusimama. Lakini sahani za kweli zingekifanya kifuniko kuwa cha kweli.

"Na sahani," alisema.

Ule upande hai wa uso wa dada ulitulia, ukafanana na ule mwingine.

"Basi nilikuwa natunza upuuzi," alisema. Halafu, "Nibadilishie shuka, tafadhali."

Lilikuwa neno jipya katika nyumba ile, tafadhali. Bi Ukucha alibadilisha shuka, akatia maji glasi mpaka juu, akampepea. Dada alishukuru kwa kila kitu. Hakumdhihaki tena, hakumwita mdogo wangu, hakutaka habari ya sanduku. Alikula alipolishwa. Likizo ilipokwisha, jirani akachukua zamu, na wiki ya tano akafa mchana, uso ukiwa umegeukia ukuta.

Baada ya mazishi Bi Ukucha alifungua sanduku la mama. Flaneli ilikuwemo, imekunjwa vizuri. Sahani hazikuwemo.

"Alimpa Mama Vigae," alisema jirani. "Wiki mbili kabla. Alisema ni vitu vya uongo, avivunje aweke kwenye miche."

Jumamosi alikwenda sokoni mapema kuliko siku zote. Lakini vifaranga vilikuwa vimemtangulia, vimesimama kwenye safu ya wauzaji wa chini, na alipowafikia aliziona: sahani tatu za kabichi, nzima, juu ya turubai, kijani kikipiga kelele juani. Mama Vigae alikuwa hajavunja kitu. Alikuwa amekaa nyuma ya turubai akishona pindo.

"Afadhali umefika," alisema mke wa daktari. "Mimi nimezipenda, lakini mwalimu anakataa."

Mwalimu mstaafu alikuwa amefungua daftari lake. Alizisogeza sahani kwa ncha ya kiatu, akakohoa, akawageukia watu, na kwa sauti iliyoigwa vizuri, kwa kufokea, kwa fahari ya mwanafunzi aliyeelewa somo, akasema, "Hizi zimezaliwa juzi. Hiki kijani kimetoka kwenye kopo la rangi ya mlango!"

Walicheka wote. Walimtazama Bi Ukucha wamwone akicheka.

Yeye alikuwa ameinama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kufika kwenye ukingo wa sahani ya kwanza, tayari kugeuza, na kiganjani kovu la kile kigae lilikuwa bado jekundu. Mama Vigae aliweka chini sindano. Akaweka kiganja chake kinene juu ya sahani, taratibu, akaibana pale ilipo.

"Samahani, Bi Mkubwa," alisema kwa sauti yake ndogo. "Hapa hatugeuzi takataka."

Kisha akavuta kitambaa, akaanza kuzifunika. Kona moja. Kona ya pili.